Amri Iliyoitwa Kendi

Jumatatu hiyo watu walisongamana kwenye kibanda cha uchapishaji mkabala na mahakama ya Embu, kila mmoja akitaka hati yake ya kiapo kabla ya saa tatu. Rwamba, mikono ya sweta yake ya manjano imekunjwa hadi viwikoni, alichapa mpaka vidole vikawaka moto.

"Dada, mbona unaandika kichwa kilekile kila mara?" aliuliza kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi sawasawa. "Ipe kompyuta amri moja, ikuandikie."

"Umekuja kupanga foleni ama kunifundisha kazi?"

"Vyote viwili, mrembo."

Aliitwa Riungu, Mmeru, fundi wa kompyuta aliyepanga chumba katika mtaa wa Majimbo. Alimwekea programu ya kuandikia ambayo mtu anaweza kuitungia amri zake mwenyewe. Kufikia mvua za Novemba walikuwa wakipigiana simu kila chai ikichemka.

"Umekula, mpenzi?" Riungu angeuliza.

"Nitakulaje na hujaniambia unanipenda?"

"Kula kwanza. Mapenzi hayajazi tumbo!"

Mwezi wa Machi, Rwamba alipima akakuta ana mimba. Akakimbilia Majimbo kumwambia. Riungu alikuwa ametoka kununua maziwa, kompyuta yake ya mkononi ameiacha wazi. Kwenye orodha ya amri alizotunga, Rwamba akaona moja: Kendi. Akaiandika, akabonyeza. Maneno yakajaa kwenye kioo: "Mpenzi wangu, bila wewe nyumba hii ni kuta tu."

Kendi! Jina la msichana wa Kimeru. Aliondoka bila kufunga mlango, akaifungia namba ya Riungu, akarudi kwao kijijini Kanja.

Siku nne hakuna chakula kilichokaa tumboni. Mama yake, Wamuyu, aliuliza akachoka. Rwamba alijificha kwenye mibuni akilia, ameuma leso, akiwaza atamwambia nini mtoto asiye na baba. Mara mbili alitaka kuifungua ile namba. Mara mbili akairudisha simu mfukoni.

Siku ya tano Riungu akatokea kwenye mibuni, viatu tope tupu, macho mekundu, kompyuta ameikumbatia kifuani.

"Rwamba, nimekuulizia kila duka tangu barabarani. Nimekosa nini?"

"Muulize Kendi!"

Riungu akamsogelea. "Kendi ni wewe."

"Usinichezee. Mimi ni Rwamba."

"Kwetu maana yake ni mpendwa. Niliandika kwa herufi ndogo, neno tu. Programu ikakataa. Amri ya kujitungia lazima ianze kwa herufi kubwa. Ile ilikuwa barua ya kukuposa, aki ya Mungu."

"Andika nione."

Akachuchumaa, akaandika kendi. Maandishi mekundu yakamkataza: anza kwa herufi kubwa. Akaandika tena. Na tena, machozi yakidondokea kibodi.

"Inatosha," Rwamba alisema, akimshika mkono.

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu. Riungu, nina mimba yako."

Akakaa chini palepale topeni, akaegemeza kichwa kwenye magoti yake Rwamba, akalia kwa sauti.

Walipofika nyumbani, Wamuyu alikuwa mlangoni.

"Mama, huyu ni Riungu. Ana neno."

Riungu akafungua kinywa, sauti isitoke. Wamuyu akamtazama binti yake, kisha akavuta kigoda.

"Keti, baba. Utasema ukishapata pumzi."