Magome ya Tekla

Tekla alimtwanga Silvano vidole kwa mchi kabla hajajua jina lake. Ilikuwa saa nne asubuhi, soko la Ifakara limefurika watu, na kijana huyo aliyevaa shati la bluu lililonyooshwa pasi alikuwa akitia mfukoni magome ya dawa kutoka meza ya Tekla bila hata salamu.

"Mwizi mtanashati. Leo nimeona mapya," alisema Tekla, akikaza kitenge chake cha njano kiunoni.

"Mimi si mwizi, dada. Nafanya kazi maabara. Tunatafuta viambata vya mimea vinavyoshusha sukari," alijibu Silvano huku akipuliza vidole.

"Bibi yangu alivipata bila maabara. Kikombe kimoja asubuhi, basi."

Kesho yake alirudi na vidole vilivyovimba. Keshokutwa tena. Hata wauza mchele walijua kwamba hakufuata magome.

Miezi mitatu baadaye, akiwa sasa mpenzi wa Silvano, Tekla alimpelekea chupa ya dawa Mama Scolastica, mama yake Silvano, aliyesumbuliwa na kisukari. Walikuwa wawili tu. "Kikombe kimoja, mama. Na usichanganye na vidonge kabla daktari hajajua," alimwonya.

Jumanne mama alianguka jikoni, akapoteza fahamu. Viktor, kaka yake Silvano, aliyeikuta chupa ya Tekla mezani, alimfikisha hospitali, akaenda sokoni na panga. Alipasua meza ya Tekla, akamwaga magunia. Tekla akainua mkono kujikinga, panga likamchana chini ya kiwiko.

"Umemuua mama yangu, mchawi wewe!"

Watu walishaanza kuokota mawe. Silvano alifika mbio, akampiga kaka yake ngumi ya taya, akamwangusha. Kisha mjinga huyu, badala ya kuufunga mkono unaovuja damu, akauliza mbele ya soko zima, "Tekla, ulimpa nini mama?"

"Hata wewe?" Tekla akaondoka, damu ikimdondoka.

Hospitalini kipimo kilisoma sukari moja nukta nane, imeshuka mno. Mama alipozinduka, aliona aibu kumtazama Silvano. "Alinikataza kuchanganya. Nikameza vidonge, nikanywa vikombe vitatu. Nilitaka nipone upesi, nicheze kwenye harusi yenu."

Silvano alipiga simu akilia. "Mpenzi, mama ameeleza yote. Nisamehe."

"Panga la Viktor nimelisamehe, maana alidhani mama amekufa. Wewe ulikuwa unanijua." Akakata.

Jumamosi Silvano alimkuta sokoni. Viktor, taya limevimba, alikuwa akipigilia misumari kwenye meza mpya. Silvano aliweka mkono wake juu ya meza.

"Piga," alisema. "Safari hii nimestahili."

Tekla aliinua mchi kwa mkono mzima, akaushusha kwa nguvu zote. Ubao ukabonyea, kando kabisa ya kidole chake cha pete. Silvano hakuuondoa mkono.

Tekla akamsukumia kinu. "Twanga. Mimi nina nyuzi kumi na mbili mkononi. Ukimaliza gunia hili, mtume mshenga kwetu Lupiro."