Nilimcheka Mama Bhoke, Akaacha Kueleza

Nina miaka ishirini na saba, ni muuguzi mwenye shahada, mzaliwa wa Mwisenge, Musoma. Wasomaji wenzangu, haya ni maungamo yangu...

Nilipangiwa kazi katika hospitali moja Bunda. Haikupita hata miezi minne nikafanywa kiongozi wa zamu. Nilihoji kila kitu. Nani kasema? Ushahidi uko wapi? Wenzangu wakanibatiza Sista Kwa Nini, nami nikajivunia jina hilo!

Mama Bhoke, mwenyeji wa Suguti, alianza kazi wodini humo kabla mimi sijaanza shule. Asubuhi moja, akinikabidhi zamu, alisema, "Huyu bibi wa kitanda cha sita nampaga sindano ya sukari mapema. Ikichelewa anatapikaga."

Nikamkatiza mbele ya wote. "Nampaga, anatapikaga... lugha gani hiyo, Mama? Sema 'huwa nampa,' ongea kitaalamu!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Rhobi, muuguzi mdogo kuliko sote, alipojaribu kumtetea, nikamwambia zamu ina msemaji mmoja, na msemaji ni mimi.

Tangu siku hiyo ripoti za Mama Bhoke zikawa fupi kama mkia wa mbuzi. Na mimi, mjinga, nikaona nimemnyoosha!

Wiki iliyofuata alikabidhi hivi, macho yakiwa sakafuni: "Kitanda cha sita. Sindano, kabla ya uji." Akachukua mkoba akaondoka. Faili lilikuwa kwa daktari.

Nikajaza sindano ya insulini, ile ya kushusha sukari. Mwenye kitanda hicho, Bibi Nyakaho wa Butiama, mcheshi wa wodi nzima, aliponiona akasema, "Mjukuu wangu, leo mnanipenda sana!"

Nikacheka. Nikamchoma.

Jamani, kwa nini mimi, Sista Kwa Nini, siku hiyo sikuuliza?

Muda si mrefu jasho likaanza kumtiririka. Akatetemeka. Akaongea kilugha cha kwao, maneno yasiyoshikana... kisha akapoteza fahamu.

"Dada, alikuwa ameshachomwa!" Rhobi akapiga kelele. "Mama Bhoke alimchoma alfajiri, nilikuja mapema nikamwona!"

"Mbona hukusema?"

"Si ulisema zamu ina msemaji mmoja?"

Tulimtundikia dripu ya glukosi kumpandisha sukari. Binti yake akaingia na chupa ya uji, akauliza mama amepatwa na nini. Ningemjibu nini? Kwamba nimemuua mama yake? Nilikimbilia chooni. Mimi nisiyeamini jambo bila ushahidi, nikapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, nikamwomba Mungu asimchukue.

Na bado sikuwa nimefika mwisho wa ubaya wangu... Daktari aliponiuliza, hofu ikanifumba macho. Nikasema Mama Bhoke hakunieleza kitu!

Akaitwa kutoka kwake Nyasura. Alikuja na kanga ya nyumbani, hata usingizi haujamtoka. Nilitegemea matusi.

"Nilikuwaga naeleza, dada. Ukacheka."

Nililia pale pale, nikakiri yote mbele ya daktari, Rhobi na yule binti.

Bibi Nyakaho alifumbua macho mchana. Alipona, wanasema. Lakini siku anaondoka kurudi Butiama alikuwa bado anamwita binti yake kwa jina la mtu mwingine, na binti akawa anaitika tu, "Abee, mama," huku machozi yanamtoka. Jina la binti limemrudia? Sijui. Naogopa kuuliza.

Nilivuliwa uongozi, na ilikuwa haki. Leo Mama Bhoke ndiye anayetuongoza. Kila tukikabidhiana zamu namwuliza, "Umempa au bado?" na hata Rhobi anasubiriwa amalize kusema. Lakini kila nikishika sindano ya sukari, namsikia Bibi Nyakaho akisema, "Leo mnanipenda sana!"

Ndugu yangu uliyepewa watu wa kuwaongoza, nakusihi, usimcheke mtu kwa ulimi wake. Ataacha kusema "nampaga"... na siku hiyo hutajua kama amempa.