Vijiti Njiani kwa Lejeng

Rafiki yangu Bungan, Mpenan, kabila la wawindaji wa misitu ya Borneo, kutoka juu kabisa ya mto Baram, alikuwa ametembeza watalii tangu alfajiri, na mmoja wao alimuuliza kama msitu una roho.

"Una ruba," alimjibu.

Alitamani kulala tu, lakini kaka yake Lejeng, aliyekwenda kuwinda, alikuwa hajarudi, na waliobaki nyumbani walikuwa wazee watupu. Akaingia msituni miguu ikimwaka moto.

Chini ya miti ile mchana wenyewe ni kama magharibi. Njiani akakuta alama ambazo Wapenan huwaachia wanaowafuata: kijiti kimechomekwa ardhini, kimeinamia upande aliokwenda mtu, na jani lililokunjwa kusema ana njaa. Akazifuata. Mbele yake panga lilikuwa likikata, ko, ko, ko. Alipoita, likanyamaza.

Lejeng alikuwa kibandani ukingoni mwa mto, mguu umevunjika.

"Umechelewa, dada. Nilishaanza kujichagulia kaburi."

"Shukuru vijiti vyako, la sivyo nisingekuona."

"Vijiti gani? Nimekuja kwa mtumbwi, maji yameuchukua. Njia hiyo sijaikanyaga mwaka mzima."

Bungan alichoka hata kubishana. Akambeba mgongoni, wakatoka.

Mlangoni palikuwa na kijiti kipya, utomvu ungali unachuruzika, kimeinamia njia ya kwao. Juu yake, kama ilivyo ada, vilipachikwa vipande vidogo, kimoja kwa kila anayesafiri.

Vilikuwa vitatu.