Mkono wa Kabeya

Mama Laurentine, jirani yetu wa upande wa reli, alisema aliyaona mambo haya kwa macho yake mwenyewe. Mwanamume wa koti jeupe amefika stesheni, akasema, na anawafunga watoto wadogo utepe mkononi, mmoja mmoja. Utepe ukionyesha kijani, mtoto anarudishwa kwa mama yake. Ukionyesha nyekundu, anapakiwa ndani ya jeep, mama yake anabaki chini akilia. Jeep inaondoka imejaa, inarudi tupu.

"Ulikuwa wapi, Mama Laurentine, wakati ulibaona?" mama yangu akauliza. Walikuwa wakimenya muhogo, kila mmoja upande wake wa ua.

"Nilikuwa soko."

"Kati ya soko na stesheni kuko kanisa."

"Macho yangu inapita kanisa," Mama Laurentine akajibu, akatupa kipande cha muhogo ndani ya beseni.

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemaliza kufagia uwanja na kuteka maji, sasa nilikuwa nikimwogesha mdogo wangu Kyungu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimshika Kyungu mkono, ule mkono wake wenye mikunjo miwili kama wa mtu mzima mnene, nikamfikiria mtoto mwingine.

Mwaka ule treni ilisimama kwetu Lubudi ikakaa. Kichwa chake kiliharibika, wakakivuta kukipeleka mbali, mabehewa yakabaki. Ndani yake walikuwa watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa Kolwezi. Babu zao waliletwa zamani kufanya kazi ya shaba, na wao wenyewe wengi walizaliwa kule kule. Kazi ya migodi ilipoanguka na mishahara ikakosekana, watu wakaanza kutafuta wa kulaumu. Wakawaambia jirani zao: rudini kwenu. Basi wakapanda treni na masufuria yao, vitanda vyao na kuku wao. Sasa walikuwa wakilala ndani ya mabehewa na ndani ya madarasa yetu, na shule ilikuwa imefungwa.

Hapo ndipo nilipompata Mbombo. Alikuwa rika langu, mzaliwa wa Kapata, mtaa wa Kolwezi wenye nyumba za kampuni zilizopangwa mistari. Siku ya kwanza nilimkuta amechutama mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, anapuliza mpaka machozi yanamtoka, na moto hauwaki.

"Kwetu unabonyeza tu, moto inakuja," alisema.

"Basi bonyeza mbabula," nikamwambia.

Alinitazama kwa hasira, kisha tukacheka wote wawili. Nilimwonyesha jinsi ya kupanga makaa madogo chini na kuacha njia ya upepo. Yeye akanifundisha mchezo wa kupiga makofi wa Kapata, wenye mwendo wa haraka mpaka vidole vinachanganyikiwa. Tangu siku hiyo tukawa pamoja, yeye na mdogo wake mgongoni, mimi na wangu.

Mdogo wake aliitwa Kabeya. Alikuwa na miaka miwili, lakini ukimweka kando ya Kyungu wa mwaka mmoja na nusu, ungedhani Kyungu ndiye mkubwa. Aliharisha sana ndani ya behewa. Hakuwa akilia. Alikaa tu anatazama, na Kyungu alikuwa akimpokonya viazi mkononi bila yeye kupinga.

"Huyu wenu ni mwizi," Mbombo alikuwa akisema.

"Si mwizi. Ni mkubwa wa soko, anakusanya kodi."

Asubuhi ile, baada ya maneno ya Mama Laurentine, nilimbeba Kyungu nikakimbia stesheni. Nilimkuta Mbombo akianika nguo juu ya reli ya kando.

"Kesho wanapima watoto wote wa treni uwanjani kwa shule," akaniambia. "Mama atakuwa mu mustari ya maji. Ameniambia mi ndio nimupeleke Kabeya."

Nikamweleza yote: utepe, nyekundu, jeep inayorudi tupu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kwenda kwanza kuangalia. Lakini neno la kutisha linawasha ulimi, nami nikalitoa lote, tena nikaongeza kwamba jeep inakwenda mbali sana, jambo ambalo hata Mama Laurentine hakulisema.

Mbombo aliacha nguo. "Tumeacha nyumba. Tumeacha kitanda ya babu. Sasa na Kabeya?"

Sikuweza kumwona vile. Nikamshusha Kyungu mgongoni. "Kesho mubebe huyu," nikasema. "Useme ndio Kabeya."

Tulifanya hivyo. Asubuhi nilikaa nyuma ya darasa la tatu, nimempakata Kabeya, naye mwepesi kama nguo iliyokauka. Nilichungulia kwenye kona. Mbombo alisimama kwenye mstari, Kyungu amefungwa kitenge cha Mama Tshibola, mama yao. Mpimaji, yule wa koti jeupe, alikuwa muuguzi, jina lake Tata Henri, yaani Baba Henri, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Jina?"

"Kabeya."

Tata Henri alimzungushia Kyungu utepe wa rangi tatu wa kupima unene wa mkono, akautazama, akatazama mashavu. "Huyu anakulaka nini ndani ya treni? Anakula mabehewa?"

Akina mama kwenye mstari walicheka. Kyungu naye, aliposikia kicheko, alianza kunitafuta kwa macho na kuita, "Da-da! Da-da!" Mbombo akamtia kidole mdomoni kama vile anamtoa kitu. Tata Henri aliandika kadi, akampa na kifuko cha unga wa uji. Kijani.

Nyuma ya darasa tulirukaruka kama watu walioshinda mchezo wa mpira. Mbombo alimpa mama yake kadi. Mama Tshibola aliibusu ile kadi. "Nilizania mutoto wangu ni mugonjwa," alisema. "Kumbe ni uzazi tu, baba yake naye ni mwembamba." Akaanza kumpa Kabeya bukari, ugali wetu, kama watoto wengine, bila wasiwasi tena.

Siku ya pili Kabeya alikataa bukari. Siku ya tatu alikataa na uji. Siku ya nne nilimkuta amelala mchana juu ya mkeka, macho nusu wazi, na Kyungu alipomnyang'anya kiazi, vidole vyake havikufunga hata kidogo. Kyungu mwenyewe alishangaa. Alikishika kiazi, akakitazama, akakirudisha kwenye kiganja cha mwenzake.

Siku hiyo nilifanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nilikwenda kuangalia. Kando ya zahanati ya parokia walikuwa wamepiga hema. Nilisimama nje muda mrefu. Ndani nilihesabu watoto kumi na wanne wenye kamba nyekundu mkononi, na kila mmoja alikuwa amekaa na mama yake, au bibi yake, juu ya mkeka. Walikuwa wakinywa maziwa kwenye vikombe. Mama mmoja alikuwa akisuka nywele za mwenzake. Jeep ikafika. Haikuwa tupu, ilijaa magunia ya unga wa maziwa, na wanaume wawili wakaanza kuyashusha.

Nilirudi kwa Mbombo nikamweleza.

"Usiseme," akanishika kitenge. "Darlène, usiseme. Watatunyang'anya kadi. Tutakosa na ule unga mudogo."

"Lakini Kabeya anapashwa kuwa mule."

"Tungoje kesho. Kesho pengine atakula."

Nilimtazama Kabeya. Niliona sina kesho ya kumpa. Nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa akikoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa mara moja, nikiangalia miguu yangu. Nilipomaliza, mwiko ulikuwa umesimama. Nilingoja kofi. Mama alitoa sufuria motoni, akajifunga kitenge cha kutokea.

"Mubebe Kyungu," alisema. "Huyo ndiye ushahidi."

Tulipita kwanza kwenye behewa. Mama Tshibola alipoelezwa hakuamini. Alikwenda kuchukua kadi, akaisoma, akamtazama Kyungu, akaisoma tena. Kisha akakaa chini kwenye ngazi ya behewa.

"Mbombo," alisema polepole, "siku ine hizi nimekuwa nikimulisha bukari mutoto mwenye alipashwa kunywa maziwa?"

Mbombo alilia. Mama yangu hakungoja kilio kiishe. Alimpokea Kabeya akamfunga mgongoni kwake mwenyewe, akatangulia mbele.

Tata Henri alitujua kabla hatujasema. Alimwona Kyungu. "Aa, yule wa kula mabehewa," alisema. "Amerudi." Ndipo akamwona mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama, na utani ukamtoka usoni. Alimzungushia Kabeya utepe. Ulipita kijani, ukapita njano, ukaingia ndani kabisa ya nyekundu. Hakugomba. Aliagiza maziwa, akamnywesha yeye mwenyewe kwa kijiko, kidogo kidogo, akipumzika na kuanza tena. Ilichukua muda mrefu sana. Mama Tshibola alikaa kando ya mkeka, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Baadaye Tata Henri alitoka nje akatukuta mimi na Mbombo tumekaa ukutani. Akachutama.

"Ninajua mulimupenda," alisema. "Kama hamungemupenda, mungemuleta tu. Sasa munisikilize. Mi ninatunza mutoto mwenye ninamuona. Ule mulificha nyuma ya darasa, ningemutunza namna gani? Kitu musichoelewa, mukuje muulize. Hata mara kumi. Kuuliza haitaleta jeep."

"Ni Mama Laurentine alisema..." nilianza.

"Yeye alisema. Weye je, ulisema nini?"

Nikamwambia kwamba lile la kwenda mbali sana lilikuwa langu.

"Voilà, ndio hivyo," alisema Tata Henri, akasimama. "Na kosa ingine ni yangu. Tulipima bila kuelezea watu. Huyo Mama Laurentine anakaa wapi?"

Alikuja uani kwetu jioni, kabla ya jua kuzama, na utepe mfukoni. Mama Laurentine alipomwona alisimama nyuma ya kinu chake.

"Nilisikia una macho ya mbali," Tata Henri akamwambia. "Kuja uone karibu. Leta mukono."

Alijaribu kumfunga utepe, lakini mkono wa Mama Laurentine ulikuwa mnene kuliko utepe wote. Ncha zake hazikukutana. Mama yangu alicheka mpaka akashika ua, na Mama Laurentine mwenyewe akashindwa kujizuia. Wakati tukicheka, mjukuu wake Mignonne alitoka ndani, akajisogeza kuona. Tata Henri akamzungushia na yeye, kwa mchezo tu. Kisha akautazama utepe mara ya pili.

"Njano," alisema.

Mama Laurentine akaacha kucheka. "Lakini sisi hatuko batu ba treni."

"Mama, sikuuliza umetoka wapi. Nimepima mukono."

Kuanzia kesho yake mambo yalibadilika. Parokia ilifanya kamati: akina mama wawili wa Lubudi, wawili wa treni. Mama yangu alikuwa mmoja wao, Mama Tshibola mwingine. Watoto wa mji na watoto wa treni walipimwa kwenye mstari mmoja, na mlangoni mwa hema alisimama mtu wa kueleza kila rangi maana yake. Mnajua aliyesimama mlangoni? Mama Laurentine. Kwa sauti yake ile hakuna aliyeweza kusema hakusikia. "Nyekundu ni maziwa," alikuwa akirudia, "njano ni uji mara mbili, na mama anabaki na mutoto wake, mi nimeona na macho yangu." Watu wa Lubudi walileta kuni na majani ya muhogo, watu wa treni walipika, na wasichana wakubwa waliosoma Kolwezi walianza kutufundisha hesabu chini ya paa la stesheni, hata likizo yetu ikaisha.

Mama alinipa adhabu yangu. Kwa wiki mbili nilimletea Mama Tshibola maji ya kuoshea vikombe vya hemani, bidoni nne, yaani madumu manne, kila asubuhi, na Mbombo aliviosha. Siku moja, tukiwa tunafanya kazi hiyo, mama alituambia: "Uongo wenu ulikuwa mdogo, wa huruma, najua. Lakini ulimfanya mama wa mtoto asione ugonjwa wa mtoto wake. Ukitaka kumsaidia mtu, kwanza mwache aujue ukweli." Hakusema tena habari hiyo, wala hakuhitaji.

Siku ya kumi na nane tangu aanze maziwa, utepe wa Kabeya uliingia kwenye njano. Alikuwa ameanza kutembea kutoka mkeka hadi mkeka akishika magoti ya watu. Siku hiyo hiyo alimpokonya Kyungu kiazi, akakimbia nacho hatua tatu, akaanguka, akakila akiwa chini. Kyungu alilia kwa uchungu. Mbombo na mimi tulipiga makofi.

Mchana huo, mkuu wa stesheni alitangaza kwamba kichwa cha treni kimetoka Kamina. Kitafika kesho, au kesho kutwa. Watu wakaanza kufunga vitu. Mbombo alikunja nguo zao bila kuniangalia.

Niliingia hemani. Mama Tshibola alikuwa akikoroga sufuria kubwa ya uji, Kabeya ameshikilia kitenge chake.

"Mama," nikamwambia, "Tata Henri amesema Kabeya bado wiki mbili ya maziwa ili afike kijani. Treni ikienda kabla, mumuache kwetu. Atalala na Kyungu. Mama yangu ameshakubali. Treni ingine ikipita, tutamuleta kwenu sisi wenyewe. Mutuachie?"

Mama Tshibola alizungusha mwiko mara moja, mara ya pili. Alitazama nje, kwenye mabehewa. Kisha akamwinua Kabeya, akaniwekea mikononi, akaendelea kukoroga uji.