Kopo la Tano

“Hivi hicho chumba kinapakwa rangi au kinainywa?”

Mama Jilala, muuza nyanya jirani na duka la rangi, alimuuliza hivyo Esteria, muuzaji wa hapo, siku mteja wake Mayige alipotoka na kopo la tano. Esteria akacheka.

Esteria na Mayige walikutana siku ya mnada, mji wa Bariadi umefurika watu wa Sapiwi na Ngulyati. Mayige aliingia dukani na shati jeupe lililonyooka kwa pasi, viatu vimejaa vumbi la mashamba ya pamba.

“Dada, nikadirie rangi ya chumba.”

“Kina ukubwa gani?”

“Kumi kwa kumi. Kwenda juu, futi tisa.”

Esteria akajumlisha kuta zote nne, akatoa mlango na dirisha, kisha akazidisha mara mbili, maana mkono mmoja wa rangi haufichi sementi. “Makopo mawili ya lita nne. Hata ukimwaga kidogo, yanatosha.”

“Rangi gani?”

“Chumba chako, macho yako.”

“Na kingekuwa chako?”

Esteria akachagua kijani cha mpunga mchanga. Mayige akachukua kopo moja tu, akaomba na namba ya simu.

Tangu hapo kila mnada Mayige anarudi, eti kopo limeisha, na kila jioni simu inaita.

“Umekula, mpenzi?”

“Mimi nimekula. Chumba chako je, kimeshiba?”

Sasa kopo la tano. Hiyo si rangi ya chumba, ni ya nyumba nzima, na mwanamume hapaki nyumba nzima akae peke yake. Mama Jilala akamalizia kabisa: kwao Mayige, Ngulyati, wameshatenga ng'ombe wa mahari. Moyo ukamchoma Esteria. Kumbe alikuwa anamchagulia rangi mke wa mtu! Akaacha kupokea simu. Siku alipopokea, alisema neno moja tu.

“Kampakie mkeo.”

“Mke yupi tena, Esta?”

Akakata.

Jumapili, watu wametoka ibadani, Mayige akatokea nyumbani kwao. Mama yake Esteria, mjane, alikuwa akipepeta mchele. Zizi lake la ng'ombe lilibaki tupu tangu msiba wa mumewe, akalijaza kuni. Alizoea kusema halina kazi tena.

“Mwadila, mayu,” Mayige akamwamkia mama kwa Kisukuma.

“Mwadila. Keti.” Mama hakuzunguka. “Chumba kimoja, makopo matano. Unamjengea nani?”

Mayige akainamisha kichwa. “Mayu, binti yako alikadiria sawasawa. Mawili yalitosha. Matatu yapo chini ya kitanda, sijafungua hata moja.”

“Ulinunua ya nini sasa?” Esteria akafoka.

“Ningekuja dukani kununua nini? Misumari? Mbao sina!”

Esteria akaziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

“Na hao ng'ombe?” mama akauliza.

“Wapo, mayu. Wanangoja neno lake, kisha lako.”

Mama akamgeukia binti yake. Alimtazama kama anavyotazama maziwa yaliyo jikoni, akingoja yapande.

“Rangi ikikaa sana kwenye kopo inaganda,” Esteria akasema, macho chini. “Sebule yako ina ukubwa gani?”

Mama akaweka ungo, akakaza kitenge kiunoni, akaenda moja kwa moja hadi zizini, akaanza kuhamisha kuni.