Jina Juu ya Bati

Mvua ilipokatika asubuhi, Kaswera alitoa godoro la binti yake Bénie akalianika juu ya mawe meusi ya volkano. Mtoto alikuwa amekohoa usiku kucha. Paa la nyumba yao ya mbao, hapa Ndosho, mtaa wa Goma, lilikuwa linavuja tena.

Mabati ya paa hilo Kaswera alikuja nayo kutoka Kanyabayonga walipokimbia vita. Ili yasichanganyike na ya wengine katika lori, mumewe alikwangua jina lake kwa msumari juu ya kila bati: FERDINAND. Kisha akawapandisha lorini, naye akarudi nyuma kumchukua mama yake.

"Nikifika Goma, nitatafuta jina yangu pa paa," alisema.

Hakuonekana tena. Hakuna aliyeleta hata habari ya kaburi.

Jirani yao Nasiba, muuza rangi, alipanda ngazi kutazama paa.

"Mama Bénie, angalia. Kutu inafwata jina."

"Bati imezeeka tu."

"Hapana. Moshi ya volkano, ya makala ya kupikia na ya mamotokari inachanganyika na mvua. Mvua inakuwa kali sawa ndimu. Inakula zinki, ile ngozi inalinda chuma. Hapa musumari ilishaondoa hiyo ngozi. Njo maana kutu ilianzia hapa."

Kaswera aliumia moyoni. Mumewe alitaka kuwalinda, na sasa hayupo hata aambiwe.

"Tufanye nini?"

"Tusugue kutu na brosi ya waya, tusafishe, tukaushe, tuzibe matundu. Kisha rangi ya kuzuia kutu, na ingine juu yake. Na majivu ya volkano isilale pa paa. Uifagie."

"Rangi itafunika jina. Akirudi, atatujua namna gani?"

Nasiba alilitazama godoro lililoanikwa. "Mutoto anakohoa, mama," alisema taratibu.

Kaswera alisugua mwenyewe. Alipofika bati la mwisho, alimwita Bénie asome.

"F, E, R, D..." Herufi nyingine zilikuwa matundu.

Waliyaziba. Kaswera akapaka rangi huku akilia, na Nasiba hakumkataza.

Rangi kidogo ilibaki. Nasiba alimpa Bénie brosi. "Alama tunaandikaka na rangi, hapana musumari."

Bénie akaandika FERDINAND juu ya mlango. Herufi zilipinda, na N moja iligeuka nyuma.

Tangu hapo mvua imenyesha sana. Godoro ni kavu, kikohozi kimepungua. Kaswera hufagia majivu, kisha hushuka na kulitazama lile jina mlangoni. Si mwandiko wa Ferdinand. Mwenyewe bado hajarudi.