Fundo la Sitini

Kitu cha kwanza alichokiona Feza pale kivukoni kilikuwa majivu. Mvua ilikuwa imeyatoboa vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Moto ulioacha majivu yale haukuwa wa jana wala wa juzi.

Alishusha kifurushi kichwani. Ndani yake mlikuwa na mkeka, kaniki mbili na chungu kidogo. Mkononi alishika kamba ndefu yenye fundo moja tu.

Ramazani, mvushaji wa mto Luama, alikuwa ndani ya mtumbwi wake akichota maji kwa kibuyu na kuyamwaga nje.

“Yambo, baba Ramazani.”

“Yambo sana, binti wa Mwamvita. Na kifurushi! Unahama ao unakimbia?”

Feza alitazama vidole vya miguu yake. Maneno kwake yalikuwa kama maji ndani ya mtungi wenye mdomo mwembamba: yalikuwemo, lakini hayakutoka haraka.

“Msafara wa kutoka Kasongo,” alisema mwishowe. “Unafika leo?”

“Leo? Ulishafika, ukaenda zake. Siku tisa zimepita.”

“Hapana. Ni leo.”

“Mutoto, miye mwenyewe njo niliwavusha! Mizigo arobaini. Tazama mikono yangu, malengelenge iko mpaka sasa.”

“Na Lukumani?”

Ramazani aliacha kuchota maji.

“Yule mwenye medali ya mapadri shingoni kama weye? Eh! Wenzake walivuka, yeye akabaki. Akawasha moto pale. Siku mbili anaangalia njia ya Kabambare, mpaka nikamwambia, ndugu, njia haizai mutu kwa kutazamwa. Siku ya tatu kulipokucha, akajitwisha mzigo wake, nikamvusha.”

Akainuka, akachomoa kitu kwenye paa la kibanda chake. Kilikuwa kamba. Haikuwa na fundo hata moja.

“Alisema nikupe. Na neno lake nimelishika vile vile: ‘Akija, umwambie nimesikia jibu lake. Sitamsumbua nyumbani kwao. Mungu amulinde.’”

“Jibu gani? Mimi sikujibu kitu!”

“Njo hivyo, mama,” Ramazani alisema kwa upole. “Kutojibu nako ni jibu.”

Feza aliishika ile kamba iliyonyooka pembeni ya ile yake. Alikuwa amekusudia kulifungua fundo la mwisho mbele ya macho ya Lukumani. Sasa vidole vyake vilikataa.

*

Kamba zile zilikuwa na habari yake.

Feza na Lukumani walikulia kwenye misioni ya ziwani. Wote wawili walikamatwa na wauza watumwa wangali watoto, wote wawili walikombolewa na mapadri, wakafundishwa sala, wakabatizwa. Vita vya Waarabu na Wazungu vilipokwisha, Feza alirudi Kabambare kumtafuta mama yake. Hakumpata. Alimpata mama mdogo, Mwamvita, mjane wa mjini, Mwislamu wa swala tano, mkali kwa mdomo na mwepesi kwa machozi.

Lukumani naye akawa mpagazi. Kazi nyingine zilikuwepo kule ziwani, ila mpagazi hupita Kabambare.

Alipita mara tatu. Mara ya tatu alimkuta Feza kisimani.

“Feza, sema basi. Unanitaka ao hunitaka?”

Feza aliyatazama maji. Ndege alipita. Mwingine akapita.

“Hata ‘toka hapa’ hunipi?”

Feza alitumbukiza mtungi kisimani.

Lukumani alicheka kama mtu anayejikuna kidonda. Kisha akakaa chini na kufanya kama wafanyavyo wapagazi na wake zao: akachukua kamba mbili, akapiga mafundo sitini kwenye kila moja.

“Kila siku tufungue fundo moja, weye kwako, miye njiani. Ninakwenda Kasongo, halafu Nyangwe, halafu narudi. La mwisho likifunguka nitakuwa kivukoni kwa Luama. Ukinitaka, nikukute pale na kifurushi chako, twende ziwani padri atufungishe ndoa. Usipokuwepo, hilo njo jibu. Sitakuja kukuaibisha mbele ya mama yako.”

Feza alitikisa kichwa kukubali. Halafu, kwa sauti ndogo:

“Na kila fundo, tuseme aksanti moja. Kwa Mungu. Kitu kimoja kila siku.”

“Na siku ambayo hakuna kitu?”

“Kitu hakikosekani.”

Na kweli hakikukosekana. Alishukuru kwa mpunga uliokauka kabla ya mvua. Alishukuru kwa kuni. Alishukuru kwa kikohozi cha Mwamvita kilichopona, na siku moja mbaya sana alishukuru kwa chumvi, kwa sababu hakuona kingine. Siku moja, mafundo tisa yakiwa bado yamebaki, alisikia akiwa kinuni pembe ya msafara ikilia mbali upande wa mto. Misafara ilikuwa haingii tena mjini tangu vita; ilipita bondeni chini ya mji mpaka kivukoni. Akasimamisha mchi, akasema, “Aksanti, Mungu, njia iko wazi. Na wangu atapita.” Akaendelea kutwanga.

Ila jina la Lukumani hakulitaja katika shukrani hata siku moja. Aliogopa. Kila alichokipenda kwa sauti katika maisha yake kilikuwa kimechukuliwa.

Sasa, njiani kurudi Kabambare na kifurushi kichwani, jua likimchoma shingo, alijaribu kushukuru akashindwa. Alipita mgomba wa kwanza. Akapita wa pili. Alipokaribia nyumba za mjini ndipo kinywa kilipofunguka:

“Aksanti kwa kuwa alisubiri siku mbili.”

Akaketi kando ya njia, akalia.

*

Mwamvita alikuwa uani akipepeta mchele. Alikiona kifurushi kabla hajamwona aliyekibeba.

“Hicho ni nini?”

“Mkeka, mama mudogo.”

“Mkeka naujua, niliusuka miye. Ulikuwa unaenda wapi?”

Feza alikaa chini akasema yote, vipande vipande, kama anayetoa miiba. Mwamvita alijua habari ya kamba, maana waliagana hivi: kamba ikiisha na mwanamume hajaonekana, Feza atampa jibu Sumaili, mkulima wa mpunga aliyemposa tangu mavuno. Habari ya kivuko hakuijua.

“Kwa hiyo Lukumani wako aliwahi kwa siku tisa,” Mwamvita alisema. “Alifungua mafundo mawili mawili, yule?”

“Hawezi kudanganya.”

“Basi ni nani amedanganya? Aliondoka mwezi ulipoandama, nakumbuka, nilitoka uani kuutazama. Ukaandama tena. Ukaandama mara ya tatu, na leo mwezi una siku kumi. Mafundo yalikuwa mangapi?”

“Sitini.”

“Sitini yalikwisha siku ile ulipoandama! Weye, ulifungua kila siku?”

“Kila siku, mama mudogo.”

“Kila siku?”

“Isipokuwa siku ya Mungu.”

Ungo ulisimama hewani.

“Nini?”

“Jumapili. Nilikuwa nahesabu mbili kutoka Ijumaa yenu. Ziwani walitufunza, siku ya Mungu hatufanyi kazi.”

“Na kufungua fundo njo kazi?”

“Sikujua,” Feza alinong’ona. “Niliona ni vidole vinafanya. Nikaogopa kukosa.”

Mwamvita alimtazama. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha kuinamia magoti, mchele ukamwagika, kuku wakaja mbio.

“Wallahi! Sisi Ijumaa tunasali, halafu tunarudi sokoni kubishania samaki! Na weye umempumzisha Mungu mpaka bwana arusi akapita!”

Halafu kicheko kikakatika ghafla, kama kamba. Macho yake yalikuwa yamerudi kwenye kifurushi.

“Ulitaka kuondoka leo bila kuniaga.”

Feza alianza kuokota mchele uliomwagika.

“Mama yako alichukuliwa akiwa shambani. Hakuniaga. Nimekaa miaka kumi na sita naangalia ule mulango. Na weye pia, Feza? Weye ambaye leo hakuna mutu amekufunga kamba shingoni?”

“Nisamehe, mama mudogo. Niliona aibu kusema.”

“Aibu!” Mwamvita alijifuta macho kwa ncha ya kaniki. “Aibu yako itatumaliza. Lukumani ameisikia ikamvusha mto. Miye ningeisikia kesho nikiamka na mkeka haupo. Haya, mwanamke, kesho asubuhi Sumaili anakuja kuchukua jibu. Utamjibu weye. Kwa mdomo. Mtikisiko wa kichwa siutaki.”

“Na Lukumani?”

“Ukishamaliza na mumoja ndiyo uniulize wa pili.”

*

Sumaili alifika umande haujakauka. Alikuwa mtu mzima, nadhifu, kanzu yake imeoshwa, na alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo la maana. Alikohoa.

“Bibi Feza, hujambo?”

“Sijambo, bwana Sumaili.” Feza aliikalia mikono yake. “Bwana Sumaili, weye ni mutu mwema. Miye sitaolewa na weye. Iko mutu niliyempa moyo wangu kabla yako, na hajui. Nisamehe kwa kukusubirisha.”

Mwamvita, nyuma ya mlango, alisogeza sikio.

Sumaili alikunja ncha ya kanzu yake. Kisha akatikisa kichwa polepole.

“Kumbe una sauti,” alisema. “Tangu mavuno nimesikia mchi wako tu.”

“Nisamehe.”

“Nimesamehe. Ila huyo mutu, kama hajui, unangoja nini hapa?”

Akasimama, akaaga kwa heshima, akaenda zake bila kugeuka. Hakuondoka akicheka, lakini hakuondoka na neno baya.

Mwamvita alitoka nyuma ya mlango, kaniki ya kutokea tayari kichwani.

“Inuka. Tunakwenda kwa Ramazani.”

“Leo? Leo ni siku ya—”

“Feza!”

“Ninainuka, mama mudogo.”

“Ziwani huendi peke yako, hilo nakuambia. Tutatuma neno kwa msafara wa kwanza. Mungu wako na wangu ni Mumoja, na kama amekuchelewesha ili uniage, miye simlaumu.”

Walitembea nusu siku. Feza alikuwa akilipanga neno njiani: mwambie nilikosea hesabu, mwambie nilikuja, mwambie. Kila mara alipofika kwenye neno lenyewe, alianza upya.

Walipofika kivukoni, mtumbwi ulikuwa ng’ambo, unaanza kurudi, na abiria mmoja ameinama ndani yake. Mto ulikuwa umejaa, unaunguruma.

“Mwite,” alisema Mwamvita.

“Tungoje afike.”

“Mwite! Ama utangoja mpaka siku ya Mungu nyingine?”

Feza alikwenda mpaka maji yakamgusa miguu. Akaweka mikono mdomoni.

“Baba Ramazani!”

“Eeeh!”

“Msafara ukipita! Umwambie Lukumani nilikuja! Nilikosea siku! Umwambie namtaka! Namtaka tangu ziwani!”

Sauti ilipita juu ya maji. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa nayo.

Ramazani aliacha kupiga kasia akacheka mpaka mtumbwi ukayumba.

“Miye sibebi tena maneno ya watu! Umwambie mwenyewe, amekaa hapa ananilowanishia mtumbwi kwa machozi!”

Abiria aliinua kichwa.

Mwamvita alishika kinywa. “Alhamdulillahi,” alisema polepole. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: “Amekonda, maskini. Huko wanakula nini?”

Lukumani aliruka kabla mtumbwi haujagusa nchi, akazama mpaka magotini. Walisimama wanatazamana, hatua mbili kati yao, hakuna aliyejua pa kuweka mikono.

“Nilikuwa njiani siku ya Mungu ya kwanza baada ya hapa,” Lukumani alisema. “Nikakaa chini kusali. Nikakumbuka ziwani, ulivyokuwa hugusi hata ufagio Jumapili, sista akakuambia fagia mwanangu, ukakataa. Nikashika kichwa! Nikahesabu Jumapili zote. Tisa. Nikajua utakuja Jumamosi. Lakini mzigo ulikuwa wa watu, Feza, sikuweza kuutupa. Nimeufikisha, nikageuka siku ile ile. Nimekimbia. Nimechelewa siku moja.”

“Hukuchelewa,” Feza alisema. “Jana nilikuwa sijui kusema.”

Mwamvita alikohoa. “Kijana. Kabla ya padri wako wa ziwani, utafika kwangu, utanisalimu kama mutu mwenye kwao, na utakula. Binti yangu hatoki kwa kifurushi cha kuficha.”

“Ndiyo, mama. Aksanti, mama.”

“Haya. Ramazani, njoo unioneshe hao samaki unaojivunia, hawa wana maneno yao.”

Walipobaki wawili, Lukumani aliona kamba mkononi mwa Feza.

“Limebaki moja?”

“La sitini. Nilitaka uone.”

“Na aksanti zote ulisema?”

“Hamsini na tisa. Mpunga, kuni, chumvi.” Alitabasamu akitazama chini. “Hata pembe ya msafara wako. Niliisikia, nikashukuru, nikaendelea kutwanga.”

Lukumani alicheka, akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la njia.

Feza aliinua kamba, vidole vyake vikashika fundo.

“Leo ni siku ya Mungu,” Lukumani alimkumbusha kwa upole. “Lingoje kesho kama unataka. Miye siendi popote.”

“Kushukuru si kazi,” Feza alisema. “Sasa najua.”

Fundo lilikuwa limekaza kwa mvua na jasho. Alilivuta kwa meno, likalegea, likafunguka. Akainua uso, akamtazama usoni mbele ya mto na mbele ya Mungu, na lile jina ambalo siku zote sitini na tisa alikuwa amelizunguka kama mtu anayezunguka moto, akalitamka kwa sauti ambayo hata Ramazani aliisikia.

“Aksanti, Mungu, kwa Lukumani.”